Vita vya ziwa Tanganyika katika riwaya na sinema: nani aliachwa nje ya mashua?

Mwaka wa 1997, utawala wa Mobutu ulipoanguka, meli moja kuukuu ilianza kwenda na kurudi kati ya Kigoma na Uvira. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, HCR, ndilo lililoitumia. Kwa muda wa miezi mitano ilifanya safari 22 na kuwarudisha zaidi ya watu 75,000 waliokuwa wamekimbilia Tanzania wakati wa vita. Meli hiyo inaitwa Liemba. Kuna watu wazima leo Uvira na Fizi ambao walirudi nchini mwao wakiwa watoto, juu ya mbao za meli hiyo.

Miaka 46 kabla ya safari hizo, Mmarekani mmoja aitwaye John Huston alikuja Kongo kupiga sinema. Sinema ilitokana na riwaya, na riwaya ilitokana na vita vya ziwa Tanganyika, vita ambavyo meli hiyohiyo ilikuwa katikati yake. Jina la riwaya na la sinema ni moja: The African Queen. Ulaya na Marekani, watu wakianza kutaja sinema walizozipenda kati ya zile zilizotokana na vitabu, hiyo haikosi kutajwa. Lakini kando ya ziwa lenyewe, Kalemie, Moba, Fizi au Uvira, ni vigumu kumpata mtu aliyeiona. Na yule atakayeiona leo atajiuliza swali moja: watu wa hapa wako wapi?

Ili kujibu swali hilo lazima kuanza na mambo yaliyotokea kweli.

Mwaka wa 1914 mashariki ya ziwa ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, magharibi mikononi mwa Wabelgiji. Ubelgiji ulikuwa na tumaini kwamba Kongo haitaingia vitani, maana mkataba wa Berlin wa 1885 uliruhusu makoloni ya bonde la Kongo yabaki nje ya vita vya Wazungu. Tumaini hilo halikudumu. Tarehe 22 Agosti 1914 meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann ilikuja mpaka Lukuga, pale mto unapotoka ziwani karibu na Kalemie, ikaipiga kwa mizinga Alexandre Delcommune, meli ya Wabelgiji. Toka siku hiyo Wajerumani ndio waliokuwa wenye ziwa. Waliweza kupeleka askari popote walipotaka, kutoka Bujumbura mpaka kusini, na hakuna aliyeweza kuwazuia.

Kisha wakaongeza nguvu. Meli kubwa ya mita 71 hivi ilikuwa imejengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka wa 1913, ikavunjwa vipandevipande, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikapelekwa Dar es Salaam na kutoka hapo Kigoma kwa njia ya reli. Kigoma ikaunganishwa upya, msumari kwa msumari. Iliingia majini Februari 1915 na kuanza kazi miezi michache baadaye. Iliitwa Graf von Götzen, jina la mkuu wa koloni aliyetawala Afrika Mashariki ya Kijerumani wakati vita vya Maji Maji vilipozimwa kwa damu nyingi. Ilifungwa mzinga uliotolewa kwenye manowari Königsberg, iliyokuwa imeangamia katika delta ya Rufiji. Meli hii ndiyo Liemba ya leo.

Waingereza walipopata habari, walikubali shauri la ajabu lililoletwa na mwindaji wa tembo, John Lee: kuleta boti mbili ndogo za injini kutoka London mpaka ziwani, kupitia Afrika ya Kusini na Katanga. Kila boti ilikuwa na urefu wa mita 12 hivi. Mkuu wa msafara, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wakubwa wake walikataa. Akaziita Mimi na Toutou, majina ya mzaha yenye maana ileile, na wakubwa wakayapitisha.

Boti ziliondoka Uingereza Juni 1915. Kutoka Cape Town zilipanda treni mpaka Elisabethville, ni kusema Lubumbashi, na mbele mpaka Fungurume. Fungurume hiyo, inayojulikana leo kwa shaba na kobalti, ilikuwa mwisho wa reli. Mbele yake kulikuwa na milima ya Mitumba, na barabara hakukuwa. Kilomita zaidi ya 230 zilibaki mpaka Sankisia, mahali ambapo reli nyingine fupi ilikuwa inaenda Bukama.

Hapo ndipo kazi kubwa kuliko zote ilifanyika, na waliofanya ni watu wa Katanga. Mamia ya wanaume walikata miti, walipasua miamba, walijenga madaraja zaidi ya mia moja kwa magogo. Mashine mbili za mvuke zilivuta boti, na makumi ya ng'ombe yakafungwa kamba pale mashine ziliposhindwa. Kwenye miteremko mikali watu walishika kamba kwa mikono ili boti zisikimbie na kuvunjika. Ulikuwa msimu wa kiangazi na maji yalikuwa haba. Mashine ya mvuke bila maji haiendi. Kwa hiyo wanawake wa vijiji vya njiani walikusanywa kubeba maji kichwani, kutoka mbali, kumimina ndani ya matangi ya mashine za Wazungu. Kila mwanamke aliyewahi kupanda mlima na bidoni la lita 20 kutoka mtoni mpaka kambini anaweza kupima uzito wa sentensi hiyo.

Kutoka Bukama boti ziliteremka Lualaba mpaka Kabalo, zikapanda treni tena, na mwishoni mwa Oktoba zilikuwa Lukuga. Tarehe 26 Desemba 1915 Mimi na Toutou ziliishambulia na kuikamata meli ndogo ya Wajerumani, Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 ikazamishwa Hedwig von Wissmann. Siku iliyofuata Graf von Götzen yenyewe ilitokea, ikitafuta mwenzake aliyepotea. Spicer-Simson aliitazama kutoka ufukweni, na hakutoka. Mtu huyo ambaye alizoea kutembea Kalemie na sketi, mwili mzima umejaa michoro ya chale, mbele ya Waholoholo walioshangaa, hakuthubutu kuigusa meli kubwa.

Nani basi aliishinda Götzen? Kwa kweli hakuna. Ndege za Wabelgiji zinazotua majini, zilizowekwa Mtoa, kaskazini ya Kalemie, ziliirushia mabomu Kigoma katikati ya 1916. Wakati huo Wajerumani walikuwa tayari wameondoa ule mzinga mkubwa kuupeleka vita vya nchi kavu, na mahali pake waliweka mzinga wa uongo wa mbao. Majeshi ya Kongo, Force Publique chini ya jenerali Tombeur, yalipokaribia, Wajerumani wenyewe waliizamisha meli yao Kigoma, Julai 1916. Lakini mafundi walioiunganisha walipaka mitambo mafuta mazito kabla ya kuizamisha. Walikuwa na mawazo ya kurudi kuichukua.

Nyuma ya askari wa Tombeur, waliofika Tabora Septemba 1916, walikuwako wapagazi. Hesabu ambayo wanahistoria huitaja kwa vita vyote upande wa Kongo ni wapagazi wapatao 260,000. Walibeba risasi, chumvi, unga, vipande vya mizinga. Wengi waliugua na kufa njiani, mbali na vijiji vyao, na majina yao hayakuandikwa popote.

Hayo ndiyo mambo ambayo mwandishi wa Kiingereza C. S. Forester aliyachukua na kuyafanya riwaya. Habari za boti Mimi na Toutou zilikuwa zinajulikana. Mmoja wa wanamsafara, Frank Magee, alikuwa amezisimulia katika gazeti la Kimarekani National Geographic mwaka wa 1922. Forester alitoa riwaya yake mwaka wa 1935. Alichukua ziwa, meli ya vita ya Wajerumani na wazo la boti ndogo kuipinga meli kubwa. Mengine yote aliyaacha.

Katika riwaya hakuna Katanga, hakuna Kalemie, hakuna milima ya Mitumba. Kuna mwanamke mmoja, Rose Sayer, dada wa mmisionari wa Kiingereza. Askari wa Kijerumani wanakuja kuwachukua wakristo wote wa misioni na mali yao, wawe wapagazi na askari. Kaka yake anakufa kwa homa na huzuni. Anakuja Charlie Allnutt, fundi wa mgodi wa Wabelgiji, na mashua yake kuukuu ya mvuke iitwayo African Queen. Rose anamshawishi wateremke mto Ulanga mpaka ziwani, watengeneze mabomu kwa mitungi ya gesi na baruti za mgodi, waizamishe meli ya Wajerumani, Königin Luise. Ulanga wa kweli uko Tanzania na maji yake yanaingia Rufiji mpaka bahari ya Hindi. Forester aliugeuza njia ukaelekea ziwani, maana riwaya ina ruhusa ya kufanya hivyo.

Na ni riwaya nzuri. Uzuri wake hautoki kwenye vita. Unatoka kwa watu wawili waliokwisha kuzoea kudharauliwa, mwanamke aliyemtumikia kaka yake miaka yote bila kuulizwa anataka nini, na fundi mlevi asiye na mtu, wakigundua mtoni kwamba wana akili na nguvu kuliko walivyoambiwa. Forester hawapi hata ushindi. Mwisho wa kitabu dhoruba inaizamisha African Queen kabla haijafika kwenye shabaha. Wajerumani wanawakamata, wanawahurumia, wanawakabidhi kwa Waingereza chini ya bendera nyeupe. Kisha boti mbili za Kiingereza zinafika na kumaliza kazi ya kuizamisha Königin Luise. Mimi na Toutou zinapita hapo, bila majina yao. Watu waliozibeba kuvuka milima hawapiti kabisa.

Huston alipochukua kitabu hicho, mwisho huo haukumfaa. Watu waliolipa kuingia sinema wangekasirika kuona safari yote imekwenda bure. Katika sinema Charlie na Rose wanahukumiwa kunyongwa juu ya meli ya Wajerumani. Charlie anaomba kapteni awafungishe ndoa kwanza, na kapteni anakubali. Mara tu ndoa inapokwisha, meli inajigonga kwenye African Queen iliyopinduka, na yale mabomu yanalipuka. Wanandoa wanaogelea kwenda Kongo. Ni kichekesho, na kinaeleweka. Lakini mtu anayejua habari za Kalemie atatabasamu kwa sababu nyingine: meli ambayo kapteni wa jeshi la majini la Uingereza aliogopa kuikaribia, imezamishwa na mashua tupu, isiyo na mtu ndani.

Badiliko jingine lilimhusu Charlie. Kitabuni ni Mwingereza wa mitaa ya maskini ya London. Humphrey Bogart, mcheza sinema wa Kimarekani, hakuweza lafudhi hiyo, basi Charlie akafanywa Mkanada. Hakuna aliyelalamika, na Bogart akapata tuzo ya Oscar, moja tu maishani mwake. Katharine Hepburn alicheza Rose, na wengi wanaamini yeye ndiye aliyeibeba sinema. Wanaosema hivyo hawakosei. Kuna pahali anapoishika usukani baada ya maporomoko ya kwanza na uso wake unawaka kwa furaha, mwanamke wa kanisa aliyegundua hatari. Hapo sinema imekishinda kitabu.

Sasa mto. Huston angeweza kupiga sinema yote Marekani, kwenye bwawa. Alikataa. Mwaka wa 1951 alileta watu wake mpaka Stanleyville, Kisangani ya leo, na kutoka hapo mpaka upande wa Ponthierville, ambayo sasa ni Ubundu. Kambi ilijengwa karibu na Biondo, kwenye reli inayounganisha miji hiyo miwili, kando ya mto Ruiki unaoingia Lualaba. Baadaye walihamia Uganda, Butiaba kwenye ziwa Albert na maporomoko ya Murchison. Ziwa Tanganyika lenyewe halionekani hata mara moja. Kisa cha Kalemie kilipigwa Tshopo na ng'ambo ya Ituri.

Habari za kazi hiyo zimesimuliwa mara nyingi, na Hepburn aliziandikia kitabu kizima mwaka wa 1987. Maji ya Ruiki yalikuwa meusi kwa majani yaliyooza. Mashua ilikuwa ndogo mno kwa kamera nzito za rangi za wakati ule, kwa hiyo walitengeneza vyelezo, kimoja cha kamera na taa, kingine cha jenereta, vikafungwa pamoja na kuvutwa mtoni kama treni. Siafu walivamia kambi usiku. Mashua ilizama, ikabidi iinuliwe. Karibu wote waliugua tumbo, na Hepburn, aliyekunywa maji mengi ili kuwakemea walevi, ndiye aliyeugua sana. Bogart na Huston hawakuugua. Walisema ni kwa sababu ya wiski. Zile sehemu ambazo waigizaji wanaingia ndani ya maji, pamoja na ile ya ruba waliomganda Charlie, zilipigwa baadaye Uingereza, kwenye tangi la studio. Hakuna aliyetaka kichocho.

Masimulizi hayo yanachekesha, na yana kasoro moja. Yote ni ya wageni. Nani alikata miti ya kambi ya Biondo? Nani alipika, nani alivuta kamba za vyelezo, nani alikaa majini masaa yale ambayo waigizaji hawakutakiwa kukaa? Wafanyakazi wa Kikongo walikuwako kila siku. Katika kumbukumbu za wageni wanatajwa kwa jina la kwanza, au bila jina, kama sehemu ya mandhari pamoja na siafu na viboko. Mambo ya 1915 kwenye njia ya Fungurume yalirudiwa 1951 kwenye njia ya Ubundu, bila risasi.

Ndani ya sinema yenyewe ni hivyo hivyo. Waafrika wanaonekana mwanzoni, kanisani, wakiimba wimbo wa Kiingereza ambao hawaujui huku mmisionari akitoka jasho. Watu wa Ulaya hucheka hapo. Kisha kijiji kinachomwa moto, wanaume wanachukuliwa kwa nguvu, na kisa kinawasahau. Mbele kidogo kuna askari Waafrika ngomeni Shona, wakifyatua risasi bila kulenga vizuri kwa sababu jua linawapiga machoni. Basi. Saa moja na nusu inayobaki ni mto, wanyama na Wazungu wawili.

Lakini ile dakika ya kijiji kuungua haikubuniwa bure. Kuchukua wanaume wa kijiji kuwa wapagazi, kuchoma nyumba ili wasirudi, ni jambo lililofanyika kweli katika vita vile, pande zote. Forester alilijua, Huston alilipiga picha. Kwa wote wawili ni mlango tu wa kuingilia kisa. Kwa mtu aliyekimbia kijiji kinachoungua, kisa chenyewe kiko hapo, na kinachofuata mtoni ni starehe ya watu wengine.

Je, Wakongo wa 1951 waliiona? Sheria ya koloni iliweka kizuizi. Waafrika hawakuingia sinema za Wazungu, na filamu za kuonyeshwa kwao zilipita kwanza kwenye tume ya kuchuja. Walichopewa ni filamu za mafundisho, na vichekesho vilivyotengenezwa na mapadri, kama vile vya Matamata na Pilipili vya padri Van Haelst huko Kasai. Wazee wa miji mingi bado wanawakumbuka hao wawili, mnene na mwembamba, wala hakuna ubaya, walichekesha kweli. Lakini sinema kubwa iliyopigwa mtoni mwao, kwa mikono yao, iliandaliwa kwa macho ya wengine.

Kisa hakikuishia hapo. Miongoni mwa watu wa Huston alikuwepo mwandishi Peter Viertel, aliyesaidia kuandika mazungumzo ya sinema. Alikasirika kuona mkurugenzi anajali kuwinda tembo kuliko kazi. Mwaka wa 1953 alitoa riwaya, White Hunter, Black Heart, ambamo mkurugenzi wa sinema anakuja Afrika na tamaa moja: kuua tembo mkubwa. Mwaka wa 1990 Clint Eastwood aliigeuza kuwa sinema na kuicheza mwenyewe. Kwa hiyo vita vya ziwa vilizaa riwaya, riwaya ikazaa sinema, sinema ikazaa riwaya ya pili, na hiyo ikazaa sinema ya pili. Ya pili ilipigwa Zimbabwe. Kongo haikuwemo tena, ila kwa jina moja.

Jina hilo ni Kivu. Ndivyo anavyoitwa mwindaji Mwafrika anayemwongoza mkurugenzi porini. Ni mtu mwenye heshima na ujuzi, anayesema machache. Mwishoni mkurugenzi anamkabili tembo mwenye mtoto, anaogopa kufyatua, tembo anashambulia, na Kivu anajitupa mbele yake na kufa. Mzungu anarudi kijijini kimya, anakaa kwenye kiti chake cha kazi na kuanza kupiga sinema. Hiyo ndiyo hukumu ya Viertel. Katika maisha ya kweli Huston hakuua tembo, na hakuna mwindaji aliyekufa kwa ajili yake. Lakini Viertel aliona jambo ambalo sinema ya kwanza haikuliona: kwamba kuna mtu anayelipa gharama ya sinema na jina lake haliandikwi mwishoni. Ajabu ni kwamba sinema hii ya pili, yenye ukweli zaidi, haikuwavutia watazamaji. The African Queen bado inapendwa.

Wala si kosa kuipenda. Mtu anaweza kufurahia Hepburn na Bogart wakigombana juu ya chupa za pombe zinazomwagwa mtoni, na wakati huohuo akajua kwamba mto ule ni Ruiki, na kwamba reli iliyowaleta pale ina kumbukumbu nyingine. Kando ya reli hiyohiyo, Aprili 1997, kwenye kambi za Kasese na Biaro, walikuwako makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliotembea msitu mzima kutoka Kivu. Yaliyowapata yameandikwa katika ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010, ile inayojulikana kwa jina la Mapping. Hakuna sinema ya hayo. Ni mwezi huo wa Aprili, na miezi ya karibu yake, ambapo kwingine nchini watu walikuwa wanaanza kuhesabu siku za kurudi kwao.

Meli iliwangoja. Wabelgiji walikuwa wamejaribu kuiinua Götzen baada ya vita, ikazama tena. Waingereza waliitoa majini mwaka wa 1924, wakakuta mitambo bado nzima kwa yale mafuta ya mafundi wa Papenburg. Ikarudi kazini 1927 ikiwa na jina jipya, Liemba, jina la zamani la ziwa ambalo Livingstone aliwasikia watu wa kusini wakilitumia. Toka hapo imebeba dagaa, mahindi, wafanyabiashara, wachumba, maiti zinazorudishwa kwao. Baada ya safari za Uvira za 1997 ilipumzika kazi ya wakimbizi miaka 18 tu. Mei 2015 Warundi walipojaa Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na maji bila barabara, Liemba ilitumwa tena kuwachukua kwa mamia kila safari, mpaka Kigoma, na kutoka hapo kwa mabasi mpaka Nyarugusu. Nyarugusu tayari ilikuwa na Wakongo, wengi wao kutoka Kivu ya Kusini, wengine tangu 1996.

Mashua ya mvuke iliyocheza kama African Queen nayo bado ipo. Ilitengenezwa Uingereza mwaka wa 1912, ikafanya kazi kwenye maji ya Afrika Mashariki, na Huston akaipata huko. Leo iko Key Largo, Florida, Marekani, imepakwa rangi, na watalii wanalipa kupanda kuzunguka mfereji.

Riwaya ya Kijerumani kuhusu mafundi watatu walioiunganisha Götzen Kigoma imekwishaandikwa, na Alex Capus, mwaka wa 2007. Vitabu vya Kiingereza juu ya Spicer-Simson na sketi yake ni zaidi ya kimoja. Ya wanawake wa Mitumba na mitungi yao ya maji bado, na ya wale 75,000 waliovuka kuelekea Uvira bado pia, ingawa hao wa pili wengi wako hai na wanaweza kuulizwa: walilala upande gani wa meli, walibeba nini, na nani alikuwa akiwangoja gatini.